Pua, kichwa na uso vinapouma: tumwone munganga gani?

(Mazungumzo mbele ya wanamemba, Baraka)



Leo hatukuja kuongea juu ya mashamba wala mabati. Tunaongea pua. Musicheke. Kati ya maombi ya msaada wa matibabu, "kichwa inaniuma, pua imeziba, uso mzito" inarudi kila mara, na mara nyingi pesa imekwisha kwa farmasi mbele mtu hajapimwa na yeyote.

Kule Nyarugusu ao Lugufu ulienda kwa dispensari ya kambi, hukulipa. Hapa fishi ni pesa, kipimo ni pesa, dawa ni pesa. Njo maana watu wanapita moja kwa moja farmasi kununua vidonge sita vya amoksisilini. Tunaelewa. Lakini kwa mwisho, njia hiyo inakula pesa nyingi kuliko ile ya kituo cha afya.

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vitupu: kwenye paji, kwenye mashavu, katikati ya macho. Vyote vinamwaga maji yake puani. Mafua yakivimbisha milango yake, uchafu unabaki ndani, na ukiinama uso unauma zaidi. Waganga wanaita sinusiti. Mara nyingi inaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa wengi inapungua yenyewe ndani ya siku kumi. Siku hizo kaa mbali na moshi wa jiko, meza parasetamoli, osha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chai ndani ya kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Yaliyochemshwa, tunarudilia. Si ya ziwa, si ya bomba.

Siku kumi zikipita bila nafuu, ao umepata nafuu kisha ugonjwa ukarudi na nguvu, ao homa kali na usaha vimeshika siku tatu nne, nenda kituo cha afya. Ukiwa na homa watakuchoma kidole kwanza, na ni sawa, malaria hapa iko nyingi. Lakini kipimo kikisema hapana, uliza: basi ni nini?

Kuna mama mmoja, mwanamemba, alimeza dawa ya malaria mara nne bila kuchomwa kidole hata mara moja. Uchafu ulikuwa unatoka tundu moja tu la pua, na ulikuwa unanuka. Siku alipofika hospitali, doktere alimfungua mdomo: gego la juu limeoza mpaka kwenye mzizi. Mizizi ya magego ya juu iko karibu kabisa na chumba cha shavu, uchafu wa jino unapanda huko. Munganga wake alikuwa wa meno! Na kama ni mtoto mdogo, tundu moja linatoa uchafu wenye kunuka, fikiri haragi ao ushanga ulioingia. Usichokoe, utausukuma ndani.

Na wale wanaokata watoto kilimi ili mafua na kikohozi vipone: kilimi hakina kosa. Mtoto anaweza kutoka damu mpaka kufa.

Munganga wa masikio, pua na koo, yule wanamwita ORL, ni wa nani basi? Ni wa mtu ambaye shida imepita wiki 12, ao inarudi mara nne kwa mwaka, ao upande mmoja umeziba daima, ao unatoka damu. Si kila hospitali iko naye. Pita kwa kituo, kisha hospitali kuu, upewe bileti ya transfere. Ukijipeleka mwenyewe Bukavu bila bileti, utazungushwa mji mzima na pesa ya kulala imekwisha.

Lakini jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, kichwa kikiuma sana na shingo kukauka, ao mtu akianza kuongea ovyo, usingoje bileti wala asubuhi. Hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye ufunguo wa kisanduku aamshwe usiku.

Kwa komite tunaleta ombi hili: kisanduku kilipe kwanza fishi na kipimo, kisha usafiri wa mwenye bileti. Vidonge vilivyonunuliwa bila ordonansi, visirudishiwe pesa tena. Tunajua wengine watakasirika, na wazee tayari wametuambia. Wafadhili wetu, ni hapo tunaomba mutie nguvu, kwenye usafiri, kwa sababu fishi tutaiweza wenyewe.

Karani ataandika majina ya wenye shida hii kupita miezi mitatu. Mukuje na fishi zenu za zamani, hata zile za kambini, sababu doktere atauliza ni dawa gani mulishameza.