Nani Anakalia Kigoda? Ushirikiano wa Vyuo Vikuu na Taaluma za Waslavi



Hati za makubaliano baina ya vyuo vikuu husainiwa kila mwaka, picha zikapigwa, mafaili yakafungwa. Jioni hii naomba tuzipime kwa swali moja: wanaochunguzwa wana sauti gani katika utafiti unaotokana nazo? Historia ya taaluma za Waslavi na Eurasia katika nchi za Magharibi inatupa majibu.

Tarehe 19 Oktoba 1915, Chuo cha King's, London, kilizindua Skuli ya Taaluma za Kislavi. Waziri Mkuu Asquith, aliyetarajiwa kuongoza hafla, aliugua, na nafasi yake ikashikwa na Lord Robert Cecil wa Wizara ya Mambo ya Nje. Mhadhara ukatolewa na Tomáš Masaryk, Mcheki wa miaka 65 aliyekuwa uhamishoni kwa kuipinga Austria-Hungaria. Alizungumzia hatima ya mataifa madogo. Miaka mitatu baadaye akawa rais wa kwanza wa Czechoslovakia. Uingereza ilikuwa na masilahi yake ya kivita, hilo halifichiki. Hata hivyo, mwenye nchi alisimama akajisemea, hakusemewa.

Vita Baridi vilibadili mambo. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilipata Taasisi ya Urusi mwaka 1946 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller. Chuo Kikuu cha Harvard kikafuata mwaka 1948 kwa fedha za Carnegie. Wasovieti waliporusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957, Marekani ilitunga sheria mwaka uliofuata ya kugharimia ufundishaji wa lugha za kigeni kwa jina la ulinzi wa taifa. Maktaba zilijaa na wataalamu wakafuzu. Lakini Kirusi kilitawala, na Waukraine, Wakazakhi na Wageorgia wakawa wanatazamwa zaidi kwa jicho la Moscow.

Mkono mtupu haulambwi, na Waukraine waliohamia Marekani walilijua hilo. Mwaka 1957 wanafunzi wao walianzisha mfuko, wakachangisha jamii yao. Michango hiyo ilizaa vigoda vitatu vya uprofesa Harvard, vya historia, fasihi na filolojia, na mwaka 1973 ikapatikana taasisi kamili ya utafiti. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vyuo vingi vya Magharibi vilisitisha uhusiano na taasisi za Urusi. Mwaka uliofuata, chama cha wanataaluma wa masomo ya Waslavi na Eurasia nchini Marekani kiliteua uondoaji wa ukoloni kuwa mada ya mkutano wake mkuu. Waliochangia vigoda vile walikuwa wametangulia kwa miongo kadhaa.

Ndugu zangu, sisi pia tumesomwa sana na wengine. Kabla chuo chetu hakijatia saini hati nyingine, tuulize nani anatoa fedha, nani anachagua mada, na utafiti utaandikwa kwa lugha gani. Palipo na kigoda, tukidai. Tukinyimwa, tuchange tukianzishe wenyewe.