Mzigo Haubebwi Kabla ya Kukubaliana Bei

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Tabora Mjini)



Mimi ni fundi wa kuchomelea, nakaa kata ya Ng'ambo. Mtu wa Ng'ambo kuota ng'ambo si kosa, au siyo? Sipingi vijana kwenda. Uarabuni fundi mwenye mkono mzuri anatafutwa, na riziki haina mipaka. Ninachopinga ni namna tunavyochukuliwa.

Wakala mmoja alikuja mtaani akiandikisha waashi, mafundi bomba na wachomeleaji wa kwenda Oman. Nikatoa laki nne, eti za fomu. Mkataba ukaja kwa Kiingereza na Kiarabu, tukaambiwa saini haraka, nafasi zinaisha. Nikakataa. Hela yangu ndiyo kwaheri. Mwenzangu akasaini. Alikwenda kuchomelea, akapewa kazi ya kubeba matofali, na pasipoti yake akaishikilia bosi.

Sasa kumbukeni tumesimama wapi. Karne ya 19 babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo. Frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, miezi miwili mitatu kwa miguu. Wengi wao hawakuwa watumwa, walikuwa vibarua huru. Walikubaliana kwanza: doti ngapi za merikani, posho kiasi gani. Posho ikipunjwa njiani, mizigo chini! Mwenye msafara, hata awe Mzungu mwenye bunduki, mara nyingi ilibidi akae chini wazungumze.

Wale wengi hawakujua kusoma. Sisi tuna simu mkononi, tunasaini tusichokielewa!

Kwa hiyo tudai haya. Moja, mkataba uwe na nakala ya Kiswahili, usomwe kabla mtu hajatoa hata mia. Mbili, VETA hapa Tabora iwafuate mafundi wa gereji na vibanda, iwapime na kuwapa vyeti kwa gharama wanayoimudu. Bila cheti, bosi atakuita kibarua tu. Tatu, balozi zetu ziwe na mtu wa kupokea simu ya fundi aliyenyang'anywa pasipoti.

Na wewe kamanda, wakala akija, muulize leseni. Hana? Mfukuze, halafu waambie na wenzako. Mpagazi mmoja akigoma aliweza kuachwa porini. Wakigoma wote, msafara ulisimama.

Mapambano yanaendelea!