Vitabu vya Mkusanyaji wa Sarafu: Kutoka Racine hadi Kilwa



Mwaka 1946 kampuni ya Whitman ya mji wa Racine, Wisconsin, Marekani, iliyozoea kuuza vitabu vya watoto na michezo ya mezani, ilitoa kitabu chenye jalada jekundu. Mtungaji wake, Richard Yeo, alijiandika R. S. Yeoman. Ndani yake sarafu za Marekani zilipangwa mwaka kwa mwaka na kiwanda kwa kiwanda, kila moja na bei yake. Jaladani uliandikwa mwaka 1947. Kina jina rasmi refu, lakini wakusanyaji wamekizoea kama Kitabu Chekundu.

Toleo hilo la kwanza lilichapwa mara mbili, na anayetaka kujua ana nakala ipi hufungua ukurasa wa 135. Hapo pana sentensi kuhusu uhaba wa dola ya fedha iliyotengenezwa New Orleans mwaka 1903. Uchapaji wa kwanza unasema tu kwamba sarafu ya mwaka huo ni adimu. Wa pili unataja mwaka pamoja na herufi ya kiwanda, 1903 O. Kwa maneno hayo machache watu hulipa fedha nyingi, kwa kuwa kitabu cha wakusanyaji nacho siku hizi hukusanywa.

Kichekesho kiko kwenye dola yenyewe. Kufikia mwaka 1962 Kitabu Chekundu kiliitaja, ikiwa haijatumika, kwa bei ya dola 1,500. Mwishoni mwa mwaka huo Hazina ya Marekani ilianza kutoa magunia ya dola za zamani yaliyokuwa yamefungiwa Philadelphia, na ndani yake zikatoka sarafu zile zile zilizodhaniwa zimeyeyushwa. Bei ikaporomoka. Yeoman hakudanganya mtu. Aliandika kile ambacho soko liliamini, na soko halikujua kilichomo stoo.

Bei, basi, ndiyo huoza kwanza katika kitabu cha aina hii. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kitabu kinachostahili nafasi rafuni ni kile kinachoonyesha kimejuaje kinachokisema: uzito, kipenyo, mihuri iliyotumika, mahali sarafu ilipookotwa.

Kwa kipimo hicho, katalogi kubwa ya Chester Krause na Clifford Mishler, iliyoanza kutoka mwaka 1972, inapata alama za wastani. Ni nene kama kitabu cha simu cha jiji kubwa. Namba zake zinazoanza na herufi KM zimekuwa lugha ya wauzaji duniani kote: senti za Zanzibar za mwaka 1908 zina namba zao, na shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 ina yake. Kampuni iliyokuwa ikiichapisha ilifilisika mwaka 2019, lakini namba zinaendelea kutumika. Mwenye nakala kuukuu asiitupe. Afunike safu ya bei, asome iliyobaki.

Wajerumani wana Kurt Jaeger, aliyeorodhesha sarafu za nchi yao tangu mwaka 1871, makoloni yakiwemo. Kwa msomaji wa Tanzania kurasa tamu ni zile za Tabora. Mwaka 1916, meli za Uingereza zikiwa zimeziba njia ya baharini, utawala wa Kijerumani ulitengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Miongoni mwake ni ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya milima. Jaeger ameipa namba 728 na kuigawa mara mbili: katika aina moja nakshi inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya A ya kwanza. Mtu asiye na lenzi hawezi kuona tofauti hiyo. Mwenye lenzi lakini hana kitabu hatajua pa kuangalia.

Si kila mwandishi wa vitabu hivi ni wa kuaminiwa karibu na kabati. William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1949 kitabu cha senti kongwe za nchi hiyo, na humo akabuni kipimo cha ubora cha 1 hadi 70 ambacho kinatumika hadi leo. Baada ya kifo chake ilibainika kwamba alikuwa akibadilisha senti nzuri za American Numismatic Society ya New York na kuwaachia zake duni. Kitabu chake bado ni kizuri.

Kisha kuna Kilwa, na hapa ndipo vitabu hupata taabu. Sarafu nyingi za masultani wake ni za shaba, ndogo, na hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili, mara nyingi, una maneno ya kumtegemea Mungu yaliyochaguliwa yalete vina na jina hilo. John Walker wa British Museum alizichambua mwaka 1936, Freeman-Grenville akafuata. Mwaka 1974 Neville Chittick alitoa juzuu mbili kuhusu uchimbaji wake wa Kilwa, akimweka Sultani Ali bin al-Hasan kwenye mwaka 1200 hivi.

Miaka kumi baadaye, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi wa karne ya 11. Mark Horton na Helen Brown walipozichambua, Ali akasogezwa nyuma zaidi ya karne nzima. Hata hivyo juzuu za Chittick hazikwenda jalalani, maana ameeleza kila sarafu ilitoka tabaka gani la udongo. Msomaji anaweza kukataa tarehe yake na bado akautumia ushahidi wake.

Hata asiye mtaalamu anaweza kuacha ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa. Aliweka alama kwenye ramani, na kwa alama hiyo watafiti wamerudi huko miongo kadhaa baadaye.

Kwa hiyo anayeokota kipande cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu Kilwa, Mafia au Pemba asikisugue kwa mchanga wala ndimu. Akipige picha pande zote mbili, aandike mahali alipokikuta, kisha akipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale.