Ofisi Inayokalika: Tuanzie kwenye Kiti Kibaya

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wasimamizi wa ofisi, Kitengela, Kaunti ya Kajiado



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuifanya ofisi iwe mahali pa kupendeza. Niseme mapema kwamba rangi za kuta, picha za simba na makochi sitavigusa. Havina ubaya, ila pesa za kupendezesha ofisi zikitoka huishia chumba cha mkubwa na chumba cha mapokezi, na karani anayeshinda chini ya bati lisilo na dari anabaki pale pale alipokuwa. Hoja yangu ni moja: anayetaka ofisi yake ipendeze aanzie kwenye kiti kibaya kuliko vyote vilivyomo. Akikalie mwenyewe, tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, siku ya kazi nyingi. Akishainuka hapo tutazungumza bajeti.

Tulikozipata ofisi hizi

Ardhi ya ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo ya EPZ (ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje), na viwanda vya kushona na kusindika vikaota Athi River, ng'ambo tu ya mto. Wafanyakazi wa viwanda walitaka pa kulala, na huku ardhi ilikuwa ikiuzwa. Ploti zikakatwa. Sensa ya 2009 iliwakuta watu 58,167 mjini Kitengela. Ile ya 2019 ikawakuta 154,436. Mji unaokua kwa kasi hiyo hujenga kile kitakachorudisha pesa upesi, yaani vyumba vya kupanga juu na maduka chini. Ofisi zilifuata nyuma, zikajibanza palipobaki.

Ndiyo maana leo utamkuta wakili ndani ya chumba kilichokusudiwa kuuza misumari: mlango wa chuma wa kukunja kwa mbele, na ukuta wa nyuma hauna hata tundu la hewa. Chama cha akiba na mikopo kiko orofa ya tatu, na wazee wanaokuja kuulizia gawio lao wanapumzika mara mbili kwenye ngazi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini kujua kwamba chumba hakikujengwa kuwa ofisi kunatuondolea kosa la kudhani kwamba wafanyakazi wetu ni wavivu wa mchana.

Kajiado mjini mambo ni tofauti kidogo. Ule ni mji wa zamani wa utawala, reli ya Magadi inapita hapo, na ofisi za serikali za zama za ukoloni zilijengwa na veranda pana na paa lililotokeza nje ya ukuta. Wakoloni walioleta ujenzi huo walikuwa na mabaya yao mengi, lakini jua walilielewa. Majengo mapya ya vioo tunayoyashangilia kando ya barabara ya Namanga hayajalielewa bado.

Jua, bati na matope

Tuko kama nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta. Jua letu linapiga ukuta wa mashariki asubuhi na ukuta wa magharibi alasiri, Januari hadi Desemba. Chumba chenye dirisha la magharibi kikifika saa tisa hakimfai mtu anayehesabu pesa za wenyewe. Basi kigeuzwe stoo ya faili, au kiwe chumba cha mikutano ya asubuhi, na mhasibu ahamie upande wa kusini au kaskazini. Kuhamisha meza hakuhitaji zabuni wala barua ya kaunti. Kunahitaji mkubwa akubali kuachia dirisha zuri, na hapo ndipo mipango mingi niliyoiona inapokwama.

Bati tupu nalo lina dawa. Dari ya mbao nyepesi, nafasi iachwe kati yake na bati, na matundu ya hewa yafunguliwe pande mbili za mgongo wa paa ili joto litoke. Asiyeweza dari apake bati rangi nyeupe kwa nje. Feni peke yake, chumba kikiwa kimefungwa, huzungusha joto lile lile. Na tusisahau kwamba asubuhi za Julai hapa ni baridi ya kuvaa koti, kwa hiyo dirisha lazima liwe la kufunguka na kufungika, si kioo kilichogandishwa kwa saruji.

Juu ya matope nina jambo dogo ambalo nalithamini kuliko zulia. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hunata kwenye viatu mpaka mtu anaongezeka kimo. Chukua kipande cha chuma cha kona, urefu wa mkono, kichomelewe miguu miwili, kifukiwe kwenye saruji mbele ya mlango, makali juu. Mtu anakwangua soli kabla ya kuingia. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa mjini atakitengeneza kwa mabaki aliyo nayo. Pasipo na chuma hicho, mama wa usafi anapiga deki mara tatu kabla ya saa nne, sakafu haikauki, mteja anateleza, na lawama zote zinamrudia yeye. Ukiuliza nani amekalia kiti kibaya katika ofisi hiyo wakati wa masika, jibu ni mtu ambaye hata kiti hana.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ipo, na wengi wetu tunaijua kwa sababu ya ile karatasi iliyobandikwa ukutani. Tuisome. Inataka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo za nafasi katika chumba cha kazi, na urefu wa chumba unaozidi mita nne na nusu kutoka sakafuni hauhesabiwi. Sasa chukua chumba chetu cha kawaida cha futi kumi kwa kumi, dari ikiwa mita 2.7. Ni kama mita 25 za ujazo. Chumba hicho ni cha watu wawili. Wangapi hapa ukumbini tuna chumba cha namna hiyo chenye meza nne na mashine ya kutoa nakala?

Sheria hiyo hiyo inadai hewa, mwanga wa kutosha, maji safi ya kunywa, mahali pa kunawia na vyoo. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao ndani yake. Kamati nyingi nilizozisikia hukutana mkaguzi akikaribia. Ni hasara, kwa sababu kamati ndiyo mlango wa halali wa mtu wa kiti kibaya kusema bila kuonekana mkorofi.

Wengine wanaona dawa ya msongamano ni kubomoa kuta za kati, watu wote wakae ukumbi mmoja waelewane. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha matokeo ya kampuni mbili zilizofanya hivyo: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, watu wakakimbilia kuandikiana barua pepe. Binadamu asiye na ukuta hujijengea wa kwake.

Maji, na ufunguo wa choo

Hapa nitakaa kidogo.

Kitengela maji ni shida, kila mmoja wetu anajua. Bomba la Nol-Turesh linatoka kwenye chemchemi za Loitokitok, mitelemko ya Kilimanjaro, na njiani lina wanywaji wengi kabla ya kutufikia. Kinachobaki ni malori ya maji na visima, na maji ya visima katika sehemu nyingi za kaunti hii yana chumvi na floraidi. Yanafaa kupigia deki. Kuyanywa kila siku kwa miaka ni jambo jingine. Tazameni meno ya vijana wetu. Kwa hiyo ofisi inayosema ina maji kwa kuwa tangi limejaa bado haijajibu swali la maji ya kunywa. Mtungi wa lita 20 wa maji yaliyosafishwa, uliowekwa mahali ambapo mlinzi wa getini anaruhusiwa kufika, ndio jibu.

Kisha ufunguo. Nimeingia ofisi kadhaa ambamo ufunguo wa choo umefungiwa kwenye kipande cha ubao kama mwiko wa ugali, usipotee, na ubao huo umetundikwa nyuma ya kiti cha meneja. Fuateni safari ya binti wa mapokezi. Anainuka mbele ya wateja. Anabisha mlango wa meneja, ambaye ana wageni. Anaomba radhi, anazunguka meza, anautwaa ule ubao, anatoka nao mkononi akipita foleni ile ile ya wateja, anashuka ngazi mbili, na anakuta hakuna maji. Binti huyo atafanya nini kesho? Hatakunywa maji. Saa kumi kichwa kinamgonga, anamjibu mteja vibaya, na meneja anaitisha mafunzo ya huduma kwa wateja. Pesa za mafunzo hayo zingetosha nakala nyingi za ufunguo, ndoo yenye mfuniko na sabuni ya mwaka mzima.

Kwa mama anayenyonyesha hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamulia maziwa, na chumba hicho kisiwe choo. Mama anastahili muda wa kunyonyesha zaidi ya muda wa chakula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Katika jengo la maduka chumba hicho kitatoka wapi? Mara nyingi kitatoka kwenye ile stoo iliyojaa viti vibovu na kompyuta zilizokufa ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa kwa sababu ziko kwenye daftari la mali. Ziandikieni barua ziondoke.

Wageni

Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, lakini mgeni aliyetoka Mashuuru alfajiri na kusimama juani hadi saa tano hamponyi mtu. Anaingia akiwa na hasira iliyoiva, na anayeipokea ni karani wa kwanza. Benchi chini ya kivuli ni kwa ajili ya mzee, na ni kwa ajili ya karani pia. Vituo vya Huduma vya serikali, vilivyoanza mwaka 2013, vilifundisha nchi jambo rahisi: mpe mtu namba, mpe kiti, mwonyeshe namba ilipofika. Ghafla hakuna wa kusukumana wala wa kumwita karani majina. Ofisi ndogo haihitaji mtambo. Vipande vya kadibodi vilivyoandikwa moja hadi hamsini vinatosha.

Mengine ambayo hayana bei

Chai ya saa nne nisiigusie sana, maana mtanishinda kwa uzoefu. Niulize tu: nani anaosha vikombe? Ikiwa kila siku ni msichana yule mdogo mwenye diploma, aliyeajiriwa kazi sawa na mvulana wa meza ya pili, hiyo chai ina uchungu ambao sukari haiuondoi.

Lugha pia. Ofisi ya Kitengela ina Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu, Mkisii na Mluo katika chumba kimoja. Wawili wakicheka kwa lugha ya kwao, wa tatu hujiuliza kama anachekwa yeye.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya usimamizi vya Nairobi havilijui. Mfanyakazi wa Kajiado mara nyingi ni mfugaji pia. Katika ukame uliotuandama tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, watu walikaa kwenye meza zao huku simu ikileta habari za ng'ombe walioanguka, mifugo ambayo ilikuwa karo, mahari na bima ya uzeeni. Sheria ya Ajira inatoa siku 21 za likizo kwa mwaka, na haikatazi kuzigawa mkikubaliana. Msimamizi aliyewaruhusu watu kuchukua siku mbili mbili kuhamisha mifugo aliwapata wakirudi na akili kazini. Aliyekataa alibaki na miili tu.

Nimeulizwa kuhusu maua. Yale majani marefu yaliyosimama wima kama visu, yanayouzwa Nairobi ndani ya vyungu vya bei, ni jamaa wa mkonge mwitu unaoota wenyewe vichakani kwetu. Wekeni, hayataki maji mengi. Lakini msiamini kwamba yatasafisha hewa. Jaribio maarufu la NASA la 1989 lilifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Wataalamu walioyapitia upya majaribio ya aina hiyo mwaka 2019 walionyesha kwamba katika chumba cha kawaida dirisha lililofunguliwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Baada ya chakula tutakuwa na kazi ya vikundi. Kila kikundi kitachora ramani ya ofisi ya mwanachama wake mmoja: madirisha, choo, ufunguo uliko, mtungi wa maji, benchi la wageni, na jina la kazi ya kila anayekaa humo, pamoja na mlinzi na mama wa usafi. Pimeni chumba kwa hatua za miguu kama hamna tepu, mpige hesabu ya mita za ujazo. Kisha tieni alama nyekundu kwenye kiti kibaya, mwandike chini yake badiliko moja linaloweza kufanyika kabla ya Ijumaa bila kuomba pesa kwa mtu. Ninaomba mameneja wasiwe waandishi wa vikundi.