Wale Wasiokuja

  

Moyo wangu leo uko kwa wasiokuja kwenye kusanyiko letu hili. Wamo mjini humu wenzetu walioshindwa kwenda kumzika mama kwa kukosa makaratasi ya ukaazi, walioachana na wenzi wao, waliokula fedha za kiwanja alizotuma ndugu. Husema, "Nikishajirekebisha nitarudi." Utaratibu huo Injili haiujui. Petro alimkana Bwana mara tatu, akiota moto uani; katika Yohana 21 anafika pwani na kukuta moto wa makaa, samaki na mkate. Alilishwa kwanza, akaulizwa baadaye. Na swali halikuwa kwa nini alikana, bali kama anapenda; papo hapo akakabidhiwa kondoo.

Mtu atauliza: je, neema ya namna hiyo haitawalea watu dhambini? Swali ni la haki, maana aliyedhulumiwa naye analia. Lakini mtazameni Zakayo, mtoza ushuru. Yesu alisema atashinda kwake, umati ukanung'unika, ndipo Zakayo akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Kupokelewa kulitangulia, na huko ndiko kulikomfungua mkono akalipa. Mwingine atasema haya ni rahisi kwa asiyeumizwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliikimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Udhalimu hakuacha kuukemea. Alichokataa ni chuki.

Sasa mniwie radhi, wapendwa. Aliyeanguka akitokea hapa, habari zake zinatangulia kwenye WhatsApp kabla hajakaa. Tunajitenga kwa makabila na madhehebu, kisha tunashangaa kwa nini watu wanajificha! Mwenye shida ya makaratasi amwone katibu kwa siri. Daftari la kuwatembelea wenzetu liko mlangoni. Ila jioni ya leo, kila mmoja ampigie simu mtu mmoja aliyepotea machoni petu. Msimuulize alikuwa wapi. Mkaribisheni chakula.