Andalio la somo si la mkaguzi



Mwezi uliopita nilikuwa Tabora kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja alikuja kuniona mpwa wangu, mwanachuo wa ualimu aliyeko kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji. Baada ya "shikamoo mjomba" hakuongeza neno. Nilipomuuliza kulikoni, alitoa madaftari mawili mkobani, akayaweka mezani. "Mjomba, wewe umesoma. Niambie, nifuate lipi?"

Daftari la kwanza lilikuwa lake. Kila andalio la somo lilichukua kurasa mbili, jedwali limepigwa kwa rula: utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho, vitendo vya mwalimu upande huu, vitendo vya mwanafunzi upande ule. La pili aliliazima kwa mwalimu mwenyeji wake, mama aliyefundisha zaidi ya miaka 25. Humo somo zima lilikuwa mistari sita: lengo, maswali matatu, zoezi, na majina ya watoto wanne wa kuangaliwa.

Wiki ya kwanza mama huyo alimwambia, "Mwanangu, darasa lina watoto 86. Hizo dakika 10 za vikundi zitaishia kwenye kuhamisha madawati." Na ndivyo ilivyokuwa. Binti akaona afadhali aandike mistari sita kama mwenyeji wake. Siku ya tatu akatokea mkufunzi kutoka chuoni, akataka andalio, akaona mistari sita. Alama zikakatwa. Mwalimu wa somo la pili, ambaye naye ni mwenyeji wake, alikuwa na dawa yake: "Andika lile refu uliweke mezani kwa ajili ya mkaguzi, halafu fundisha unavyojua."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo niliposhtuka. Alama zilizokatwa zinaweza kurudi. Lakini kijana anayefundishwa kuwa na andalio la mkaguzi na andalio la darasa, hata kabla hajapata ajira, huyo anafundishwa uongo wa kikazi. Kesho atajaza sehemu ya tathmini "wanafunzi wengi wameelewa" kabla kengele ya somo haijagongwa. Nimeyaona maandishi ya namna hiyo kwa macho yangu, na nadhani walimu wanaonisikiliza wanacheka kimoyomoyo.

Tusikimbilie kumlaumu mtu. Mama yule alisomea ualimu kabla ya mtaala wa mwaka 2005 uliosisitiza ujuzi wa mwanafunzi. Enzi zake andalio lilimwuliza mwalimu: utafundisha nini? La sasa linamwuliza: mtoto atafanya nini? Kisha Januari 2024 ukaanza kutumika mtaala mwingine uliokazia umahiri. Mwanachuo anafika na mtindo wa juzi. Mwenyeji ana uzoefu wa robo karne. Mara nyingi hakuna aliyewakalisha pamoja wakaelewana.

Wala si jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani huku wakijifunza ualimu kwa posta, kwa wakufunzi na, naam, kwa redio. Mimi nilifundishwa na mmoja wao. Maandalio yake sikuyaona, lakini nakumbuka kila asubuhi alianza na swali tulilokosa jana.

Basi nikamwuliza mpwa wangu: hivi huyo mama amekusaidia chochote? Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameandaa somo la sehemu, nusu na robo, na kwenye zana za kufundishia akaandika "maembe", maana Tabora maembe si ya kutafuta. Jedwali lote lilikuwa safi. Mama yule akalisoma, akauliza swali moja tu: "Na kokwa utaligawaje?" Binti akabaki mdomo wazi. Wakakubaliana atumie karatasi za kukunja, kila mtoto na yake. Siku hiyo watoto 86 walikunja robo zao bila kuhamisha dawati hata moja.

Mnaona? Jedwali halikuliona kokwa. Mwenyeji aliliona, kwa sababu kichwani mwake ana andalio refu kuliko lile la chuo, ila halijaandikwa. Na mwanachuo naye ana kitu: vitendo vya mwanafunzi, ambavyo mistari sita ya mwenyeji wake haikuvitaja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tabora inalijua hilo tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Hapa wapagazi wengi waliachwa, wakaajiriwa wengine, mizigo ikafungwa upya. Aliyeupokea mzigo aliufunga kwa namna atakayoweza kuubeba. Shuka na shanga hazikutupwa njiani kwa sababu ya fundo tofauti.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kabla ya mazoezi kuanza, mkufunzi, mwalimu mwenyeji na mwanachuo wakae kitako, hata saa moja, wakubaliane andalio litakuwaje katika darasa lile, lenye idadi ile ya watoto. Pili, wiki ya kwanza mwanachuo asifundishe. Akae nyuma ya darasa, aandike andalio la somo analoliona likifundishwa, kisha amwonyeshe mwenyeji wake. Hapo ndipo yale yaliyo kichwani yatakapopata karatasi. Tatu, mkufunzi anayekuja kukagua aanze na sehemu ya tathmini. Amwulize mwanachuo: nani hakuelewa jana, na leo umembadilishia nini?

Mpwa wangu sasa anaandika hatua zake tano kama chuo kinavyotaka, lakini kwa ukurasa mmoja, na pembeni anaandika maswali ya mwenyeji wake na majina ya watoto wanne. Mkufunzi hajarudi. Sijui atampa alama ngapi. Ila daftari sasa ni moja, na analolifundisha ndilo alilolihifadhi humo.