Kabla ya Dawa, Mizani

Kitunguu saumu si dawa ya minyoo ya mbwa. Naanzia hapo kwa sababu ushauri huo unazunguka Nairobi lango kwa lango, na wanaoupokea kwa mikono miwili ni watu walionunua mbwa kwa maelfu ya shilingi, kisha wakataka kumtibu kwa kilichobaki jikoni.

Pita Kileleshwa, Ruaka au South B saa kumi na mbili jioni ujionee. Zamani mbwa alikuwa wa kulinda boma: analala nje, anakula makoko ya ugali, akipigwa na baridi ni shauri yake. Siku hizi kuna Maltese, kuna Shih Tzu, kuna Chihuahua, manyoya yamechanwa, utepe kichwani, anabebwa kwapani kama mkoba. Baadhi yao hata wakikomaa hawafiki kilo 4. Tumewapandisha ghorofa ya nne, lakini tiba tunazowapa ni zile zile za mbwa wa boma, aliyekuwa na kilo 30 na tumbo lililozoea kila kitu.

Turudi kwa kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Sisi hatudhuriki, yeye hudhurika. Madaktari wa mifugo wanajua kwamba gramu 15 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuanza kuleta madhara, na kitunguu saumu ni kikali zaidi. Piga hesabu: mbwa wa kilo 3, gramu 45. Hiyo ni kama nusu ya kitunguu cha kawaida cha sokoni. Kukipika hakukipunguzii ukali, kwa hiyo makombo ya pilau nayo yamo. Tena madhara hayaonekani siku ile ile. Zinapita siku kadhaa, mbwa analegea, fizi zinapauka, mkojo unageuka rangi. Mwenyewe anasema basi minyoo imezidi, anaongeza kitunguu.

Ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza cha kumtunza mbwa mdogo ni mizani. Si lazima ununue ya pekee. Panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umembeba, soma namba. Mweke chini, panda tena, toa. Kama ni kitoto, mtie kwenye kikapu umwombe mwenye duka akupimie. Atacheka, lakini atakupimia. Andika kilo hizo mahali, kwa maana dawa ya minyoo, ile halisi, hutolewa kwa kilo, na bei yake si ya kumkimbiza mtu aliyemnunulia mbwa utepe.

Kupe ndio mtihani mkubwa zaidi. Kupe wa kahawia anayewakaa mbwa hubeba vijidudu vinavyoshambulia damu, na mbwa akiambukizwa huanza kwa homa na kukataa chakula. Hapo ndipo mtu anatafuta mafuta ya taa. Tafadhali, usimpake. Mafuta ya taa huchoma ngozi, na mbwa ni mnyama wa kujilamba. Anachokilamba akikitapika kinaweza kuingia mapafuni. Oili chafu ya gari, ambayo bado kuna watu wanaapa kwamba inatibu upele, ni balaa hiyo hiyo yenye rangi nyeusi. Na kuna wanaochukua dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, wakakadiria kwa kifuniko cha chupa. Nyingi kati ya hizo zina amitrazi. Dawa hiyo hukatazwa kwa Chihuahua na kwa vitoto vya mbwa walio chini ya miezi 4, hata inapotengenezwa mahususi kwa ajili ya mbwa. Sembuse ya ng'ombe, na kipimo cha kifuniko!

Kupe hutolewa hivi. Chukua kibanio kile cha nyusi. Tenga manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi, mshike kupe pale kinywa chake kinapoingia kwenye ngozi, si tumboni, uvute polepole moja kwa moja bila kuzungusha. Ukimbana tumbo unamkamulia mbwa vilivyomo ndani ya kupe. Mtumbukize kupe huyo kwenye spiriti, osha mahali pale kwa sabuni, nawa mikono. Kisha kagua nyuma ya masikio, katikati ya vidole na chini ya kola, kwa sababu kupe mmoja kwa kawaida ana jamaa zake.

Mtauliza, na mwarobaini je? Mwarobaini nauheshimu. Majani yakachemshwa, maji yakapoa, mbwa akaoshwa kwa nje, hapo sina ugomvi. Ila kumwosha Jumamosi hakumzuii kupe wa Jumatatu, na mafuta ya mwarobaini hayanyweshwi mnyama wa kilo 3. Mshubiri nao ute wake mweupe hautamdhuru kwenye mkwaruzo mdogo, lakini ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda, akiulamba, utamharisha.

Zipo za jikoni zinazofaa kweli, na iliyo bora ni asali. Vitoto vya mbwa hawa wadogo, hasa kabla ya miezi 4, hawana akiba ya sukari mwilini. Asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi imeingia hadi kwenye vigae, kitoto hakikula vizuri usiku. Unakikuta kinayumba, macho hayakutazami, masikio ya baridi, pengine kinatetemeka. Chovya ncha ya kidole kwenye asali upake fizi zake, ndani ya shavu. Usimimine kooni, atapaliwa. Mfunike kitambaa chenye joto. Akizinduka mpe chakula, kisha nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, maana asali imekununulia muda tu. Kama huna asali, sukari iliyoyeyushwa kwa maji kidogo inafanya kazi hiyo.

Wali nao una sifa yake. Mbwa mkubwa aliyeharisha kidogo lakini bado anacheza, mpe wali laini na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta, bila mfupa, kidogo kidogo, na maji safi wakati wote. Kitoto kisichochanjwa kinachotapika na kuhara damu ni habari nyingine kabisa. Hiyo huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi vya utumbo, na parvo haingoji sufuria ichemke.

Ajali za nyumbani nitazipitia haraka. Mifupa ya kuku aliyepikwa hupasuka vipande vyenye ncha, itupe. Kola ya shingoni kwa mbwa anayevuta ukitembea naye humkaba koo, mvalishe mkanda wa kifuani. Na kochi! Mguu wa mbele wa mbwa mdogo ni mwembamba, na mfupa wake karibu na kifundo haupati damu ya kutosha, hivyo hata ukivunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi, kuunga kwake ni kazi. Mwekee mto chini au kingazi. Manjano na bandeji ya kujifungia nyumbani haviungi mfupa huo. Dawa zetu za maumivu, ibuprofeni hasa, humtoboa tumbo na kuharibu figo zake, kwa hiyo kabati la dawa lako halimhusu.

Kuna na hii ya kwetu hapa. Shangazi ametoka Murang'a au Embu na mfuko wa makadamia. Kokwa chache zikianguka chini, mbwa akazila, ndani ya saa 12 miguu ya nyuma inaweza kulegea, anatetemeka, anashindwa kusimama. Nyumba nzima inaingiwa na hofu, wengine wanamtafuta mchawi. Kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili, lakini mpigie daktari umweleze alichokula, kwa sababu akijua ni makadamia hatapoteza muda kutafuta ugonjwa wa uti wa mgongo.

Na hapo naomba niseme jambo ambalo wenye mbwa hawapendi kulisikia. Anayemtunza mbwa huyo si wewe. Wewe unaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, unampiga picha. Anayemlisha, anayemwogesha, anayeona kwanza kwamba leo hakunywa maji, ni dada wa nyumbani, na anayemtembeza ni mlinzi. Daktari alipoeleza kuhusu kitunguu na chokoleti, ulikuwa peke yako ukiitikia kwa kichwa, ukatoka na karatasi ukaiacha kwenye gari. Kisha mbwa akiugua, dada anasimangwa. Mwite dada mbele ya daktari, mwache aulize mwenyewe. Umwachie namba ya simu ya daktari na nauli ya kumfikia, na ruhusa ya kwenda bila kukungoja utoke kwenye mkutano.

Ruhusa hiyo ina maana zaidi mbwa akila sumu. Maziwa hayaui sumu. Mayai mabichi hayaui sumu. Mkaa wa jiko uliosagwa si ule mkaa maalumu anaotumia daktari. Chumvi ya kumtapisha inaweza kumuua mbwa mdogo hata kama sumu ingemwacha. Chukua pakiti ya alichokula, au matapishi kwenye mfuko, mbebe, nenda. Kuna daktari aliyesajiliwa karibu na mitaa mingi ya Nairobi, na pale Kabete Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo.

La mwisho ni kichaa cha mbwa. Watu wanadhani mbwa wa ghorofani hawezi kukipata, eti anakutana na nani. Anakutana na mbwa wa barabarani langoni, asubuhi ile ile mlinzi anapomtembeza. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 3, ikirudiwa kila mwaka au kama kadi inavyoelekeza, na dozi ni ile ile kwa Chihuahua na kwa mbwa wa polisi. Mtu akiumwa, hata kwa meno madogo yasiyopita ngozi sana, jeraha lisipakwe pilipili wala majani wala asali niliyoisifu hapa. Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.